Barua kwa mwanangu: hiyo asilimia 22 ya bonasi yako

Mwanangu,

Slipu yako nimeiona. Bonasi dola 20,000, mkononi 14,070, nawe unauliza kwa nini Marekani inatoza bonasi kodi kubwa kuliko mshahara, na kama Aprili, ukijaza ritani ya kodi, utapigwa faini kwa kukatwa kidogo.

Haitozwi zaidi. Ukijaza ritani, bonasi na mshahara vinahesabiwa pamoja. Ila mwajiri akilipa bonasi kando, anaruhusiwa kukata asilimia 22 bila kuangalia uko ngazi gani ya kodi. Ndiyo hiyo 4,400. Zile 1,240 za Social Security (pensheni ya serikali) na 290 za Medicare (bima ya afya ya wazee) zingekatwa hata kwenye mshahara.

Kwako shida ni kwamba wamekata kidogo! Ukijumlisha mshahara na zile hisa unazopewa na kampuni, dola zako za juu ziko ngazi ya kodi ya asilimia 32. Pengo la asilimia 10 kwenye bonasi ni dola 2,000, na hisa nazo, siku zinapokuwa zako, mara nyingi hukatwa 22 hiyohiyo. Watu wengi hushtukia hapo.

Sasa faini. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawakutozi kama deni lako baada ya makato halifiki dola 1,000, au kama ndani ya mwaka umeshalipa asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu, au asilimia 100 ya kodi ya mwaka jana. Wewe mapato yako ya mwaka jana yalipita 150,000, kwa hiyo kwako 100 inakuwa 110. Mimi ningeshika hiyo ya mwaka jana, maana tarakimu yake unayo tayari. Ya mwaka huu ni kubahatisha. Deni lenyewe utalilipa Aprili, lakini bila faini.

Chukua jumla ya kodi kwenye ritani ya mwaka jana, zidisha kwa 1.1, ulinganishe na makato yatakayokuwa yamefika Desemba. Pakipungua, gawa pengo kwa mishahara iliyobaki, uandike kiasi hicho kwenye fomu W-4, ile unayompa mwajiri kumwambia akukate kiasi gani, sehemu ya 4(c). Makato ya mshahara huhesabiwa kana kwamba yalikatwa sawasawa mwaka mzima, hata ukiyaongeza Novemba. Ukilipa mwenyewe, wanaangalia tarehe: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari, na ukichelewa faini inahesabiwa kama riba.

Hizo elfu mbili ziweke akaunti ya pembeni leo, kabla shangazi yako hajakutumia kadi ya mchango wa harusi ya binamu yako. Ameshaniomba namba yako mpya.

Mama yako