Unapoanza kupima mapafu kwa spirometa

Kipimo cha presha hakimtaki mgonjwa afanye kitu zaidi ya kutulia. Spirometa, mashine inayopima hewa anayopuliza mtu na kasi yake, humtaka atumie nguvu zake zote, na akitoa nusu ya nguvu hizo, mashine bado itachapa namba zilizopangika vizuri. Namba hizo zikimfikia daktari, mtu asiye na ugonjwa anaweza kupewa inhela ya maisha. Kwa hiyo jizoeze kusoma mchoro kabla ya kutazama namba, na uhesabu kwamba kazi yako kubwa ni kumwelekeza mpulizaji.

Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, hakiki mashine kwa sirinji ya lita 3. Kama wagonjwa wako hutumia filta, ivishe pia wakati huu. Sukuma mara tatu: polepole, kwa kasi ya wastani, kisha kwa kasi kubwa. Kila msukumo usome kati ya lita 2.91 na 3.09. Ukisoma pungufu ukisukuma polepole na sawa ukisukuma kwa kasi, tafuta mahali hewa inapovuja, hasa kwenye maungio. Sirinji ikae chumba kimoja na mashine ili joto lao lilingane. Mashine isiyo na kipimo chake cha joto na shinikizo la hewa lazima uiingizie wewe. Ile iliyotoka Kampala, karibu mita 1,200 juu ya bahari, isifanye kazi Kabale, karibu mita 2,000, kwa mipangilio ileile.

Umeme ukikatika na betri ya ndani ikiwa imechoka, angalia tarehe. Mashine hukokotoa umri kutokana na tarehe ya kuzaliwa, na saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa itamfanya mzee kuwa kijana. Tarehe ya kuzaliwa ichukue kwenye Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa cha Uganda), usikadirie kwa sura. Urefu upime mwenyewe, bila viatu, visigino ukutani. Asiyeweza kusimama wima mpime mikono iliyonyooshwa, ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati cha upande wa pili.

Uchague pia milinganyo ya viwango vinavyotarajiwa kwa mtu kama huyo. Ile ya kimataifa iitwayo GLI, ya 2012, huuliza kundi la asili la mtu. GLI Global ya 2022 haiulizi. Usimpime mgonjwa mmoja leo kwa hii na mwakani kwa ile. Asilimia zitabadilika, lita zikiwa zilezile, na atakayesoma faili atadhani mapafu yameharibika au yamepona.

Sasa maswali ya mlangoni. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda: makohozi yaende kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, kwanza, spirometa isubiri. Kupuliza kwa nguvu hutawanya vijidudu vya kifua kikuu chumba kizima. Usimpimishe anayekohoa damu, mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu, aliyepata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho ndani ya wiki moja, wala aliyepasuliwa kifua au tumbo ndani ya wiki nne. Uliza ametumia dawa gani na saa ngapi. Ikiwa lengo ni kutafuta ugonjwa, salbutamol, dawa ya kupanua njia za hewa kwa muda mfupi, iachwe saa 4 hadi 6 kabla, na zile zinazodumu saa 12 ziachwe saa 24. Madirisha wazi, filta mpya kwa kila mtu. Filta haioshwi ikatumika tena, hata bajeti ikilia.

Mketishe kwenye kiti kisicho na magurudumu, mgongo wima, miguu sakafuni, mkanda uliobana ulegezwe. Meno ya bandia yanayokaa vizuri yabaki mdomoni kwa sababu husaidia midomo kubana. Vaa klipu ya pua wewe kwanza umwonyeshe kwa vitendo. Maelezo matupu hayatoshi. Na zungumza lugha anayoielewa. Mama aliyekuja na Kinyankole chake hatajua la kufanya ukimpigia kelele kwa Kiingereza, na kelele yenyewe itamtia hofu. Jifunze amri tatu katika kila lugha ya wagonjwa wako: vuta mpaka ujae kabisa, puliza kwa nguvu mara moja, endelea, endelea, endelea. Ya kwanza na ya pili zifuatane bila kubana pumzi zaidi ya sekunde mbili.

Mchoro wa kasi na ujazo unapaswa kupanda ghafla, ufikie kilele chenye ncha, kisha ushuke bila mapengo. Kilele cha duara kilichochelewa maana yake alianza polepole. Mteremko uliochongoka-chongoka ndani ya sekunde ya kwanza ni kikohozi, na pumzi hiyo haifai kwa FEV1, yaani hewa iliyotoka katika sekunde hiyo. Mstari ukianguka wima hadi sifuri, ameacha mapema au amefunga koo. FVC, yaani hewa yote aliyotoa, itakuwa ndogo kuliko ukweli, na uwiano wa FEV1 kwa FVC utapanda ufiche mbano wa njia za hewa. Kosa hili ndilo hatari kuliko yote, kwa kuwa matokeo huonekana ya kawaida. Mwache apulize mpaka mstari wa ujazo na muda ulale, mabadiliko yakiwa chini ya mililita 25 katika sekunde nzima, au zifike sekunde 15. Mstari ukizidi kupanda bila kulala kwa mtu mzima wa afya, shuku kwamba alishika mashine huku akipumua ndani yake wakati inajiweka sifuri. Toa kifaa mdomoni, kishike kimya, anza upya.

Akimaliza kutoa, avute tena kwa nguvu mpaka ajae. Hewa aliyovuta ikizidi FVC kwa zaidi ya mililita 100 au asilimia 5 ya FVC, lolote lililo kubwa, hakujaa mwanzoni.

Unahitaji pumzi tatu zinazokubalika. Kati ya hizo, FEV1 mbili kubwa zisitofautiane kwa zaidi ya mililita 150, na FVC vivyo hivyo. Mtu mzima asipitishe majaribio manane. Baada ya hapo anachoka na namba zinashuka.

Kisha salbutamol: mipulizo minne ya mikrogramu 100 kupitia spesa (chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo), mmoja mmoja, subiri dakika 10 hadi 15, rudia kipimo. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni ikashika inhela barabara ni spesa inayofanya kazi. Tuseme FEV1 ilikuwa lita 1.92, sasa 2.20, na kiwango kinachotarajiwa ni 2.90. Kwa kigezo cha kimataifa cha 2005, mililita 200 na asilimia 12 ya kiwango cha awali, ameitikia: amepata mililita 280, karibu asilimia 15. Kwa kigezo cha 2022, zaidi ya asilimia 10 ya kinachotarajiwa, hajafika: 9.7. Andika umetumia kipi.

Uwiano wa FEV1 kwa FVC ulio chini ya 0.70 baada ya dawa huelekeza kwenye COPD, ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, na usimwondoe mtu kwa sababu havuti sigara. Utafiti wa Masindi, Uganda, uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huo kwa takriban watu 16 kati ya 100 waliozidi miaka 30, kijijini ambako moshi wa kuni ni wa kila siku. Uliza kuhusu jiko. Uliza pia kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu, maana makovu yake huweza kubana njia za hewa, kupunguza ujazo, au vyote viwili. FVC ndogo yenye uwiano wa kawaida huashiria mapafu yaliyopungua ujazo, lakini spirometa haipimi hewa inayobaki ndani, hivyo usiandike kwamba imethibitika. Na pumu huja na kuondoka: kipimo safi siku asiyobanwa hakiifuti. Mpe kipima kasi cha kupuliza apime asubuhi na jioni nyumbani, mara tatu kila wakati, aandike kubwa kuliko zote.

Aliyeshindwa kutimiza masharti, andika hivyo juu kabisa ya ripoti kabla ya namba yoyote, ukitaja sababu: kikohozi, aliacha mapema, hakuelewa maelekezo. Panga arudi siku nyingine.