Nimeweka Ubuntu, naona kioo cheusi tu: nianzie wapi?

SWALI: Nimeweka Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, toleo la seva, kwenye laptop ya zamani ili nijifunze. Ikiwaka naona maandishi tu, hakuna picha wala mshale wa mausi. Nikiandika neno la siri hakuna kinachoonekana, hata nyota. Rafiki amenipa orodha ndefu ya amri nizikariri. Nianze vipi?

JIBU: Orodha hiyo iweke kando. Sisi tunaoshinda mbele ya kioo hicho kutwa hatujaikariri. Amri za kila siku zinahesabika. Neno la siri nalo linaingia, ila halionyeshwi ili anayekuchungulia asijue hata urefu wake. Liandike lote, bonyeza Enter.

Ukishaingia, soma mstari unaokusubiri, mfano asha@nyumbani:~$. Kabla ya @ ni jina la mtumiaji, baada yake jina la kompyuta. Alama ~ ni folda yako mwenyewe, na $ maana yake wewe ni mtumiaji wa kawaida. Ukikuta # mahali pa $, umeingia kama root, mwenye ruhusa zote. Hapo mkono uwe mzito.

Sasa amri tatu: pwd hukuambia uko folda gani, ls huonyesha kilichomo, cd hukuhamisha. Tengeneza folda kwa mkdir Barua, kisha makusudi andika cd barua. Utajibiwa "No such file or directory", yaani hakuna kitu hicho. Hujaharibu chochote, kwa Linux, Barua na barua ni vitu viwili. Andika cd Ba halafu bonyeza Tab, itamalizia yenyewe. Isipomalizia, ama umekosea herufi, ama majina yanayoanza hivyo ni zaidi ya moja. Bonyeza Tab mara mbili uyaone. Mimi Tab naithamini kuliko kitabu chochote cha amri.

Ukisahau matumizi ya amri, andika man na jina lake, mfano man ls. Kutoka humo ni q (wapo wanaozima kompyuta kwa kutojua hili). Programu iking'ang'ania, ikatize kwa Ctrl na C pamoja.

Tahadhari moja: rm, amri ya kufuta, haina pipa la taka. Tumia rm -i, ikuulize kwanza. Na amri uliyoinakili mtandaoni yenye sudo mbele usiipe Enter kabla hujaielewa, kwani sudo huiazima nguvu za root.

Kazi ya leo: rudi kwanza folda yako kwa cd ~, kisha andika nano matumizi.txt (nano ni programu ya kuandikia), jaza ulichonunua, hifadhi kwa Ctrl na O ukifuatisha Enter, toka kwa Ctrl na X. Linakili faili hilo kwa cp, lihamishie Barua kwa mv. Hiyohiyo mv ndiyo hubadili jina la faili.