Mthamini anakuja kuliona gari lako la kale

Nina Volkswagen Beetle ya 1967. Kampuni ya bima imeipa thamani isiyofikia bei ya pikipiki mpya. Hesabu hiyo wameitoa wapi?

Kwenye jedwali la uchakavu. Kwa gari la kawaida kila mwaka hukata kipande cha thamani, na gari la zaidi ya miaka 50 likipitishwa humo hutoka likiwa chuma chakavu. Jedwali halina habari kwamba yapo magari ambayo hushuka mpaka chini kabisa, kisha yakaanza kupanda tena. Ndiyo maana unamwita mthamini, aliangalie gari lenyewe badala ya mwaka wake.

Ila taarifa ya mthamini peke yake haitoshi. Uliza kwanza mkataba wako unalipa nini gari likiteketea. Upo mkataba wa thamani ya soko: kiasi kinatafutwa baada ya ajali, nawe unaanza kubishana na huku gari huna. Upo wa thamani iliyokubaliwa: mnaafikiana kiasi mapema, kinaandikwa, na gari likipotea lote ndicho unacholipwa, ukitoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Huu ndio ninaoupendelea kwa gari la kale. Halafu kuna wa tatu, wa thamani iliyotajwa, unaofanana na wa pili kwa jina tu. Unataja kiasi na unatozwa ada kwa kiasi hicho, lakini siku ya fidia kampuni hubaki na haki ya kulipa thamani ya soko ikiwa ni ndogo zaidi. Ni rahisi kuusaini ukidhani umesaini wa pili, kwa hiyo soma kifungu cha malipo neno kwa neno. Uliza pia mabaki yatakuwa ya nani. Kwa gari la kale, hata mlango mmoja usio na kutu ni mali.

Nikitaja thamani ndogo, si nitalipa ada ndogo?

Utalipa ada ndogo, na utalipwa kidogo. Na si gari likiteketea tu. Mikataba mingine ina kanuni ya uwiano: ukikata bima ya nusu ya thamani, hata uharibifu mdogo hulipwa nusu. Umebonyezwa mlango mzima, kampuni inakutengenezea nusu mlango.

Nina faili zima la risiti za kulifufua gari langu. Mthamini ameandika nusu tu ya jumla yake. Ameniibia?

Sidhani. Mnunuzi halipi saa ulizotumia kukwangua kutu, wala ile rangi uliyoipiga mara mbili kwa sababu fundi wa kwanza aliharibu. Analipa gari lililo mbele yake. Kuna magari ambayo kuyafufua hugharimu kuliko yatakavyouzwa milele, na wenyewe hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini faili usilitupe. Risiti na picha za kila hatua zinathibitisha kwamba chini ya rangi kuna bati jipya na si puti, ile ya kuzibia mabonde na matundu, na hilo mthamini hulipa uzito. Kama unaona amekosea, mwombe akuonyeshe magari aliyolinganisha na lako. Taarifa isiyo na mauzo ya kulinganisha irudishe.

Hasa mthamini hutazama nini?

Huanza na namba: ya chasisi, ya injini, ya giaboksi, na zilizo kwenye kibati cha kiwanda. Injini ikiwa ileile iliyotoka na gari kiwandani, thamani hupanda, na kwa magari mengine hupanda sana. Usishtuke namba ya chasisi ikiwa fupi. Ule mfumo wa herufi na tarakimu 17 ulianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Ndipo kumbukumbu za kiwanda zinapofaa. Kwa magari mengi ya Uingereza, British Motor Industry Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu hizo, hutoa cheti kinachotaja siku gari lilipotengenezwa na rangi lililotoka nayo. Kiagize kabla mthamini hajafika.

Kisha bodi. Hutembeza kipimo cha unene juu ya rangi: ya kiwandani mara nyingi husoma kama maikroni 100 hadi 200, na penye puti usomaji huruka hadi mamia mengi, hata kupita 1,000. Wazee walitumia sumaku. Isiposhika, kuna puti. Ukiijaribu kwenye Land Rover ya zamani utapata presha bure, maana sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini na sumaku haishiki hata palipo pazima.

Baadaye hulala chini kutazama chasisi na sakafu, kisha huliwasha. Hutaka kuliwasha likiwa baridi. Ukilipasha moto kabla, atashika boneti na kukuuliza kwa nini.

Mwishoni hutoa daraja, kuanzia 1, yaani gari la maonyesho lisilo na dosari, kushuka hadi 4 au zaidi kutegemea mwongozo anaoutumia. Wenye magari tunapenda kudhani letu ni la 1. Gari zuri linaloendeshwa kila wikiendi, aghalabu ni la 3, na hakuna aibu hapo.

Rangi ni ya kiwandani lakini imepauka, na kiti cha dereva kimechanika. Nirekebishe kabla ya tathmini?

Acha! Lioshe, toa vitu ndani, basi. Rangi ya asili iliyopauka inaweza kuwa na thamani kuliko rangi mpya ing'aayo. Na tafadhali usipake lami mpya chini ya gari. Mthamini akiiona hudhani unaficha kutu, hata kama ulikuwa unapendezesha tu.

Nimeweka injini ya kisasa kwenye Mercedes-Benz ya 1972. Lazima niseme?

Lazima. Ukificha badiliko kubwa, kampuni yaweza kukataa dai lote. Injini ya zamani usiiuze. Ipige picha pamoja na namba yake, na iingizwe kwenye taarifa kama kifaa kinachoandamana na gari.

Mthamini anataka alipwe asilimia ya thamani atakayoipata. Ni kawaida?

Tafuta mwingine. Anayelipwa zaidi kadiri kiasi kinavyokua atakikuza, na kampuni ya bima inalijua hilo. Kanuni za uthamini za Marekani, zijulikanazo kama USPAP, zinakataza malipo ya namna hiyo. Mlipe ada moja mliyokubaliana.

Nirudie tathmini lini, na taarifa niiweke wapi?

Kila miaka miwili au mitatu, au mara tu baada ya kazi kubwa. Nakala moja ipeleke kwa kampuni ya bima, nyingine ihifadhi mbali na gereji, pamoja na picha. Usiiweke kwenye droo ya dashibodi. Ndiyo, wapo wanaoiweka huko.