Paukwa wasipoitikia: majibu ya maswali yenu ya ngano

"Naomba hadithi fupi yenye mafunzo, nakusanya kesho asubuhi." (Mwanafunzi, Dodoma)

Wewe ni wa tano mwezi huu. Nenda kwa bibi yako, na usiende mikono mitupu, mpelekee sukari.

"Nafundisha darasa la tatu. Nikisema 'Paukwa!' watoto wananikodolea macho tu. Nianze na 'Hapo zamani za kale' yaishe?" (Mwalimu, Morogoro)

Usithubutu. Anayeitika "Pakawa!" amekubali kuyaacha ya mchana na kudanganywa kwa hiari yake. Wengine huanza "Hadithi, hadithi!", wakajibiwa "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unapigiwa hodi kwa jina lake. Watoto wako wamezoea kila ngano ikiisha waulizwe "Tumejifunza nini?", basi wanakusikiliza kama wanaongoja mtihani. Ling'oe swali hilo. Wafundishe na mkia wake: "Kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi." Rudia mpaka wakuzidi sauti. Na penye wimbo imba, hata kama una sauti ya chura. Kiitikio waachie wao.

"Ni kweli Kima na Papa tuliiiba India?" (Msomaji, Tanga)

Mnapenda sana neno kuiba. Panchatantra, kitabu cha kale cha ngano za India, ina kima na mamba. Kalila wa Dimna, iliyotokana nayo na ambayo Ibn al-Muqaffa aliifasiri kwa Kiarabu karne ya 8, ina nyani na kasa. Sisi bahari iko uani, kwa hiyo ni papa, na kima yuko juu ya mkuyu akimdondoshea matunda. Papa akautaka moyo wake. Kima akasema ameuacha mtini.

Utamu uko baadaye. Papa anamwita tena, na kima anamtolea kisa cha punda wa dobi, aliyemponyoka simba kisha akarubuniwa na sungura akarudi. Simba akamuua, sungura akala moyo na masikio. Simba alipovidai akaambiwa: punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi? "Mimi si punda wa dobi," kima anamaliza. Naam, punda huyo naye yuko India. Lakini mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja London mwaka 1870, kima huyu alikuwa akisema Kiunguja kitupu.

"Anansi ndiye Sungura wetu?"

Hapana. Anansi ni buibui wa Waakan, Ghana. Sungura hajaomba jina la pili.

"Ukisimulia mchana unaota mkia?"

Nimesimulia mchana miaka mingi na suruali zangu hazina tundu. Bibi alitaka tumalize kuchambua mchele kwanza.

"Niko Muscat. Nilimsimulia binti yangu Sultani Darai, akalia paa alipotupwa kisimani. Nibadilishe mwisho?" (Mama wa wawili)

Mwache alie. Haamdani ni fukara anayechakura jaani. Akaokota thumuni, akanunua paa. Paa huyo akamtangaza bwana wake kuwa ndiye Sultani Darai, akamwoza binti sultani, akaua nyoka wa vichwa saba, akamtia bwana wake katika jumba. Kisha paa akaugua, na bwana akaamuru apewe uji wa mtama mwekundu. Ndiyo shukrani hiyo! Paa akafa, akatupwa kisimani, mji mzima ukalia, na Haamdani akazinduka yuko pale pale jaani, anachakura. Ondoa kisima na jaa, binti yako atabaki na habari za maskini aliyebahatika, na hizo zimejaa tele. Siku hizi kuna vitabu vya picha ambamo fisi anaomba msamaha. Kwangu havilali. Akilia mpe chai, usimpe maelezo.

"Nataka kumrekodi bibi kwa simu. Nifanyeje?" (Kijana, Kisauni)

Mrekodi usiku, wajukuu wakiwepo. Asipokuwa na wa kumwitikia atakupa muhtasari, nawe utadhani ndiyo ngano. Andika mahali, tarehe, na nani alimsimulia yeye. Usirushe kitu mtandaoni kabla hajaridhia: kuna ngano zina maneno makali, na aliwaambia wajukuu, hakumwambia jirani. Wimbo mwombe auimbe mara mbili. Akishamaliza usizime simu haraka. Ubeti aliousahau ataukumbuka akitafuta kandambili zake.