Kabla hujachagua kanzidata ya wingu kwa duka lako, jaribu kwanza kuirudisha

Mkuu mleta uzi, umesema una duka la jumla la spea Kariakoo, na matawi Tegeta na Mbagala. Kanzidata yako, yaani hifadhi ya kumbukumbu zote za duka, inaendeshwa na programu ya PostgreSQL na iko kwenye kompyuta chini ya meza ya keshia, na vijana wamekuletea mapendekezo matatu ya kuihamishia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti: Amazon RDS, Google Cloud SQL na Azure ya Microsoft. Unauliza ipi bora. Mifumo ya maduka ndiyo kazi yangu hapa mjini na nimeshaumia nayo vya kutosha, kwa hiyo naandika kirefu. Mwenye chai aisogeze karibu.

Jibu la haraka: kwa duka kama lako zote tatu zinabeba. PostgreSQL ni ileile, na meza zako (majedwali ya data) za bidhaa na madeni hazijui zimelala kwa nani. Wanaokuuzia watakuonyesha jinsi data inavyoingia. Wewe waombe wakuonyeshe jinsi inavyorudi baada ya kupotea, tena mbele yako, na saa ikihesabu. Nisingesaini kitu kabla sijaliona hilo, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2019 nilikuwa namwangalizia mfumo mama mmoja wa vifaa vya umeme, mitaa hiyohiyo ya Kariakoo. Tulikuwa na seva ya kukodi nje ya nchi, na kamashine kadogo pembeni ambako kila usiku saa nane pg_dump (programu ya kunakili PostgreSQL) ilichukua nakala, gzip (programu ya kubana faili) ikaibana, faili likahifadhiwa na tarehe yake. Kila asubuhi nilikuta faili jipya na roho yangu ilitulia. Kumbe nilipoipandisha kanzidata kwenda toleo la 11, kale kamashine nilikaacha na pg_dump ya toleo la 10. Pg_dump ya zamani haikubali kunakili seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Inakataa, inaandika kosa mahali ambapo hakuna anayesoma, na gzip inabana utupu. Utupu uliobanwa na gzip una baiti 20. Seva ilipokufa diski, nilifungua folda nikakuta faili zimejipanga vizuri kwa tarehe, miezi minne mfululizo, kila moja baiti 20.

Nilikwenda dukani mwenyewe kumweleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo mambo ya seva mimi siyajui. Niambie tu, yule mteja wangu wa Tunduma ana deni langu kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi kwenye nakala ya mwisho iliyokuwa nzima, kisha vijana wawili wakakaa wiki tatu wakiingiza upya kutoka kwenye kaunta buku na risiti za EFD. Risiti inakuonyesha mauzo. Haikuonyeshi nani alilipa nusu akaahidi kumalizia akishuka tena na mzigo. Hayo mengine mama aliyapata kwa kupiga simu moja moja, na kuna waliosema hawakumbuki.

Baada ya hapo ndipo nikahamia huduma za kusimamiwa. Nisieleweke vibaya, si kwamba zina uchawi. Unalipa ili mtu mwingine aangalie diski, aweke viraka vya usalama na achukue nakala kila siku, basi. Maulizo mabovu (maombi ambayo programu inaituma kanzidata), nywila dhaifu na mlango ulioachwa wazi kwa dunia nzima hubaki vyako. Kwenye RDS nakala za kila siku unaweza kuzitunza hadi siku 35, na unaweza kurudi hadi dakika unayoitaka, mara nyingi hadi kama dakika 5 kabla ya sasa. Hii ya kurudi kwenye dakika ndiyo ninayolipia. Mengine ni mapambo.

Wengi pia wanachanganya mashine ya akiba na nakala. Watakuuzia mashine ya pili kwenye kituo kingine cha kanda hiyohiyo (kanda ni eneo lenye vituo vya data vya kampuni), ya kwanza ikifa ya pili inashika, kwa RDS kwa kawaida ndani ya sekunde 60 hadi 120. Ni kitu kizuri, na bili yake inakaribia kuwa mara mbili. Lakini ukifuta meza kwenye ya kwanza, na ya pili inafutika papo hapo, kwa uaminifu kabisa. Mimi mwenyewe jioni moja niliandika UPDATE (amri ya kubadilisha data) ya bei nikasahau WHERE, sehemu inayotaja ni bidhaa ipi ibadilishwe. Kila kitu dukani, kuanzia taa hadi jenereta, kikawa shilingi 18,000. Mteja wa kwanza kugundua hakusema neno, alianza tu kuongeza oda.

Tukasimamisha mauzo, nikaingia kurudisha. Kosa lilitokea saa kumi na dakika kumi jioni. Nikaandika 16:05, mfumo ukakataa. Nikaandika tena, ukakataa tena, jasho likaanza kunitoka. Nilichosahau ni kwamba amri ile inasoma UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele. Kwa UTC, 16:05 ilikuwa bado haijafika, nilikuwa naomba nirudishwe kwenye wakati ujao. Saa kumi ya kwetu ni 16:00 kwenye simu, na ni 13:00 kwenye seva. Bandika karatasi ukutani, maana siku hiyo akili haihesabu.

La pili nililojifunza jioni ileile: RDS hairudishi juu ya mashine yako iliyopo. Inakutengenezea mashine mpya yenye anwani mpya, na ni juu yako kuelekeza programu huko au kuchota meza moja na kuirudisha kwenye ya zamani. Azure nayo inatengeneza seva mpya. Cloud SQL inaweza kurudisha nakala ya siku juu ya mashine ileile, yaani kilichopo kinafutwa, ila ukitaka kurudi hadi dakika fulani nayo inakupa mashine mpya. Hakuna iliyokosea hapo, lakini unatakiwa ujue ya kwako inafanyaje kabla mtu hajasimama nyuma ya kiti chako anauliza "bado?". Mimi nilichota meza ya bei peke yake, dakika 40 tukawa tunauza.

Sasa umbali. Watu wanauliza "ipi ina kasi" kana kwamba ni bodaboda. Kasi ya duka lako itaamuliwa zaidi na mahali programu ilipo ukilinganisha na kanzidata. Microsoft walifungua kanda yao Johannesburg mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakaja Johannesburg 2024. (Cape Town kwenye Amazon huwezi kuitumia mpaka uende kwenye akaunti ukaiwashe. Nimeshapigiwa simu na mtu anayeapa kwamba haipo.) Nilipoona Cape Town nikafurahi, nikahamishia kanzidata huko, programu nikaiacha kwenye seva yake ya bei chee Ujerumani. Kosa langu tupu. Ukurasa wa madeni ulikuwa unauliza kanzidata mara moja kwa kila mteja, na wateja walikuwa kama 140. Kila ulizo linakwenda Cape Town na kurudi Ujerumani, tuseme milisekunde 160. Zidisha: sekunde 22 na ushee. Wakati vyote viko jengo moja hakuna aliyeona, kwa sababu safari ilikuwa chini ya milisekunde moja. Keshia akawa anafungua ukurasa, anakwenda kununua maji, anarudi.

Dawa ilikuwa mbili. Programu nikaihamishia Cape Town ikakae jirani na kanzidata, na yale maulizo 140 nikayaunganisha kuwa moja. Kutoka Kariakoo bado ni mbali, ila sasa unavuka bahari mara moja kwa ukurasa badala ya mara 140. Kwa hiyo ukishachagua kanda, peleka vyote viwili. Usiweke kimoja kwa sababu ya bei na kingine kwa sababu ya ukaribu.

Na hata ukiweka karibu, bahari ni bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nadhani hakuna aliyekuwa Dar ambaye hakumbuki wiki ile. Kanzidata yetu ilikuwa nzima kabisa, inapumua vizuri, ila hatukuweza kuifikia kwa uhakika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka kitu kidogo kaunta: programu inaandika mauzo kwanza kwenye kompyuta ya dukani, halafu inayasukuma ikipata njia. Tawi lililokuwa na toleo hilo liliuza siku zote. Tawi ambalo sikuwahi kulibadilisha lilirudi kwenye kaunta buku. Kwa upande wako, mkuu, ile kompyuta chini ya meza usiitupe. Ipe kazi hii.

Kwenye hela. Bili ni ya dola, mauzo yako ni ya shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye 2,300, katikati ya 2024 ikavuka 2,600. Huduma ya dola 180 ikatoka kama 414,000 hadi 468,000 bila mtu kugusa kitu. Panga bajeti ukijua hivyo, na usiache bili yote itegemee kadi moja ya benki ambayo itaisha muda wake Desemba wakati uko kijijini.

Mitego ya bei niijuayo ni mingi, nataja miwili. Mashine ndogo za RDS za aina ya T3 na T4g zinakwenda kwa mikopo ya nguvu, yaani akiba ya nguvu inayojazwa mashine ikipumzika, na ukizidisha hazikuzuii, zinaendelea na kukutoza ziada. Siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwaka utaiona. Mashine ndogo za Azure zenyewe zikimaliza mikopo zinapunguza mwendo. Chagua unachoweza kuvumilia, bili au foleni. Mtego wa pili ni matoleo ya zamani. Kuanzia Machi 2024 Amazon wanatoza msaada wa ziada kwa MySQL 5.7 (programu nyingine ya kanzidata), na Aprili mwaka huo ikafuata PostgreSQL 11. Bei yake kwa kanda ya Virginia, Marekani, kwa miaka miwili ya mwanzo ni dola 0.10 kwa kila vCPU (kipimo cha nguvu ya mashine) kwa saa. Kwa bei hiyo, mashine ya vCPU 2 kwa mwezi ni karibu dola 146 juu ya bei ya mashine yenyewe, na kwa mashine ndogo hiyo ziada inaizidi mashine mara kadhaa. Kabla ya kuhama angalia toleo lako. Kama ni la kale, lipandishe hapo chini ya meza kwanza. Na ndiyo, pandisha pg_dump nayo.

Kuna mdau juu kataja DigitalOcean, kampuni nyingine ya wingu. Haina kituo Afrika, lakini bili yake inaeleweka, inaanzia dola 15 hivi kwa mwezi, na nakala za siku 7 zimo. Kama programu yako nayo utaiweka hukohuko, si wazo baya kwa kuanzia. Aliyesema Supabase (huduma nyingine ya PostgreSQL ya wingu) ya bure kwa duka, hapana. Mradi wa bure usipotumika wiki moja wanausimamisha. DynamoDB, kanzidata ya Amazon isiyounganisha meza, pia achana nayo, madeni na stoo yanataka meza zinazoungana.

Sheria nagusa tu. Majina, namba za simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kuna Tume yake, unatakiwa kujisajili, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti. Wingu la Johannesburg ni nje ya nchi. Mwone mwanasheria mapema, kabla ya kuhama.

Ningekuwa wewe ningechukua PostgreSQL ya kawaida kwa yule kati ya watatu ambaye kijana wako anamfahamu tayari, kanda ya Afrika Kusini, mashine moja bila ya akiba kwa mwaka wa kwanza, nakala za siku 14 au zaidi, na nakala moja kila wiki inayotoka kabisa nje ya akaunti hiyo. Nayo ifunguliwe na mtu, aone wateja wamo.

Wiki ijayo mwambie kijana afungue akaunti ya majaribio, apandishe nakala ya data yako, halafu saa nne asubuhi afute meza ya madeni kwa makusudi. Wewe kaa pembeni na simu yako, bonyeza saa. Akimaliza muulize habari za mteja wako mmoja wa mkoani, deni lake hadi jana jioni. Njoo uandike hapa ilichukua dakika ngapi, na utaje ukubwa wa kanzidata na toleo lake, nikusaidie kukadiria mashine.