Maswali yenu: Lenzi ya sklera ikae juu kiasi gani?

SWALI: Wataalamu, salaam. Nimemjaribishia mgonjwa wa keratokonasi (konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukonda na kuchomoza kama koni) lenzi ya sklera (lenzi kubwa inayotua kwenye sehemu nyeupe ya jicho) yenye kipenyo cha milimita 16.5. Alipoivaa tu, nafasi kati ya lenzi na konea ilikuwa kama mikroni 350. Naona imezidi, nataka kuagiza yenye kina kidogo. Mwenzangu anasema nisubiri.

JIBU: Msikilize mwenzako. Lenzi hii haiegemei konea. Inatua juu ya konjaktiva, utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho, nao ni laini, hivyo lenzi huzama kadiri saa zinavyopita. Kupoteza mikroni 100 au zaidi ni kawaida, na sehemu kubwa hupotea saa chache za mwanzo. Hizo 350 jioni zinaweza kuwa 200 na kitu, kiasi kinachofaa kabisa. Ukipunguza kina leo, kesho lenzi itasugua kilele cha koni. Mwache akae nayo angalau nusu saa kabla ya kuamua lolote, kisha mwone siku nyingine akiwa ameivaa kwa muda wa saa nne hadi sita.

Je, hiyo 350 uliipataje? Kama huna mashine ya kupiga picha za tabaka za jicho, tia floresini (rangi inayong'aa kijani) kwenye maji ya chumvi yanayojazwa ndani ya lenzi kabla ya kuvalisha. Tumia taa ya mwanya (darubini ya kuchunguzia jicho), mwanga mweupe, mwanya mwembamba, pembe ya nyuzi 45 hivi. Utaona mstari mweusi wa lenzi, kijani cha maji, halafu konea. Linganisha kijani na unene wa lenzi uliotajwa na mtengenezaji: lenzi ikiwa na mikroni 300 na kijani kikalingana nayo, nafasi ni 300. Usilinganishe na konea, maana ya keratokonasi imekonda na itakudanganya.

Wengi hupima katikati tu, ilhali koni mara nyingi imeshuka chini. Pima palipoinuka zaidi, kisha zunguka limbasi yote, mpaka wa konea na sehemu nyeupe. Kijani chembamba, mikroni 50 hadi 100, kisikatike popote. Seli mama za konea ziko hapo. Wala usijaze nafasi kwa hofu ya kugusa: tabaka nene la maji hupunguza oksijeni, na konea ikaanza kuvimba.

SWALI: Mgonjwa wangu huona vizuri asubuhi, lakini mchana anasema ni kama anatazama kupitia maziwa. Akivua na kujaza maji mapya, anaona tena. Lenzi ni chafu?

JIBU: Kilichochafuka ni maji yaliyo nyuma yake. Mafuta na takataka za machozi hupenya chini ya ukingo ulioinuka. Mwambie atazame juu, chini, kulia na kushoto, nawe ukague ukingo kila upande. Sklera, sehemu nyeupe ya jicho, si duara kamili. Lenzi yenye ukingo sawa pande zote inaweza kubana upande wa pua huku ikiachia juu na chini. Hapo badilisha uchukue ukingo wa toriki (wenye mikunjo tofauti kwa pande tofauti), usipunguze kina kwa kubahatisha. Kope zenye kuvimba nazo zitibiwe, la sivyo ukungu utarudi.

Mishipa ya damu ya konjaktiva ikipauka chini ya lenzi, angalia ni wapi. Ikipauka ukingoni kabisa, ukingo unachimba: uinue. Ikipauka ndani zaidi, eneo la kutua ndilo lililo bapa mno: liongezee mkunjo. Lenzi ikitolewa, floresini ikabaki kama pete kwenye konjaktiva, shaka imekwisha: lenzi inabana.

SWALI: Lenzi ikigoma kutoka?

JIBU: Usiweke kinyonyeo cha mpira katikati, unavuta ombwe lote kwa mkupuo mmoja, na kwa aliyepandikizwa konea hilo ni hatari. Tia matone ya kulainisha, bonyeza jicho taratibu kupitia kope ya chini, kando ya lenzi, mpaka kipovu cha hewa kiingie. Kisha bandika kinyonyeo karibu na ukingo wa chini, uvute kuelekea nje na juu.