Re: Lima hadi Ziwa Titicaca, turuke au tupite Arequipa?

Habari mkuu, umeuliza nyie wanne mruke Lima, Peru, hadi Juliaca (mji wenye uwanja wa ndege karibu na Ziwa Titicaca) moja kwa moja au mpite mji wa Arequipa kwa basi, na mpaka wa Bolivia ukoje. Piteni Arequipa. Lima iko pwani kabisa, ziwa liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, sasa ukifika ghafla kule juu kwa ndege kichwa kinagonga, usingizi hakuna, na kwenye kundi akiugua mmoja safari yenu wote imesimama. Arequipa iko kama mita 2,300, laleni pale hata siku mbili tatu mwili uzoee, ndio mpande Puno, mji ulio kando ya ziwa. Siku ya kwanza Puno msibebe mizigo mizito wala pombe msiguse, na mtu akianza kutapika au kuyumba mshusheni chini haraka, msisubiri kukuche.

Cha kuangalia kwanza kabla hata ya tiketi ni viza ya Bolivia kwa pasi zenu, na kadi ya homa ya manjano tembeeni nayo. Mpakani Kasani unagonga mhuri wa kutoka Peru, unavuka kwa miguu, unagonga wa kuingia Bolivia, na saa unasogeza mbele lisaa limoja. Mkifika Copacabana, mji wa ziwani upande wa Bolivia, mabegi makubwa yaacheni gesti, maana kisiwa cha Isla del Sol ukishuka tu boti ni ngazi za mawe kwenda juu, na kwa hewa ile utahema balaa. Laleni kisiwani usiku mmoja, boti ya kurudi ulizieni mapema.